Mtu wa Mwisho wa Mkanda

Plastiki ikipata moto ina harufu yake, na vumbi likiungulia juu yake harufu hiyo inazidi kuwa ya zamani. Wiki hii nzima sebuleni kwangu kunanuka hivyo. Nimekaa na laptopu mezani, nahamisha filamu zangu kutoka kwenye sidii kwenda kwenye faili, moja moja, kwa sababu sidii nazo zimeanza kubanduka kama rangi ya kucha. Kompyuta inaisoma filamu, inaibana iwe ndogo, halafu inaitupia kwenye flashi ambayo naweza kuipoteza kwenye mkoba na nisijue. Mwanangu ananicheka. "Mama, filamu zote hizo zipo mtandaoni, unajitesa bure." Kuna moja haipo mtandaoni, na ndiyo hiyo inayonifanya mie, mtu mzima na mvi zangu, nisogeze kiti nyuma ikikaribia kuisha.

Nyie wa rika langu mnakumbuka. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni siku hizo, kwa hiyo televisheni bila deki ya kuchezea mikanda ilikuwa kabati la kuwekea kitambaa cha kufuma. Sie pale Kiwalani tulikuwa navyo vyote viwili, na ndege za uwanjani zilikuwa zinapita juu ya bati letu kila zikitaka kutua, picha inatikisika, sie tumekodoa macho. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa. Vitu vya nje viliporuhusiwa kuingia, akamletea mama deki, na kila akirudi safari anamletea mkanda wa Kihindi. Mama aliipanga mikanda yake kwenye kabati la vioo, juu ya vikombe vya wageni, na ole wako uiguse bila ruhusa. Watu wengine walikodi filamu. Mama yangu alikuwa na zake.

Baba mwenyewe simkumbuki. Lori lilipinduka kwenye milima ya Iringa wakati mie hata kusema sijajua vizuri. Nilimjua kwa picha ya ukutani: shati la mikono mirefu, nywele zimechanwa upande, uso wa mtu aliyeambiwa na mpiga picha asicheke. Nyumbani tulibaki watu watatu, mama, mie na Bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu, lakini alipika kwa pua na masikio na hakuunguza chungu.

Sheria ya filamu nyumbani kwetu ilikuwa moja. Steringi, shujaa wa filamu, akishamkumbatia mama yake na majina yakianza kupanda, zima, rudisha mkanda mwanzo. "Msichoshe hedi ya kusomea mkanda," alikuwa anasema Mjomba Hafidhi, mdogo wake mama, ambaye ndiye aliyejua mambo ya deki. Basi hatukuwahi kuona kinachofuata baada ya filamu, na hakuna aliyetamani kuona. Nini kifuate baada ya mwisho?

Kulikuwa na mkanda mmoja ambao mama hakuupenda. Filamu yenyewe ilikuwa ya mapacha waliopotezana sokoni, mmoja akawa askari, mwingine mwizi, mnajua wenyewe. Wanawake wa jirani waliipenda mpaka wakajifunza kulia sehemu zile zile. Lakini wakiiomba, mama anawawekea, halafu anatoka. Anakwenda uani kuchambua mchele uliokwishachambuliwa. Nilikuwa naliona hilo, na mtoto akiona jambo bila kuelezwa, anajieleza mwenyewe.

Mchana mmoja mama alikuwa amekwenda sokoni na Bibi amelala kwenye mkeka uani. Nikauchomeka mkanda ule wa mapacha, nikajilaza kwenye kochi, usingizi ukanichukua kabla hata mapacha hawajapotezana. Nilichozindukia ni kelele za chenga, zile nukta nyeupe na nyeusi zinazochemka kwenye kioo, shaaa. Nikajua filamu imeisha na mie sijazima. Nikainuka nikazime. Chenga zikakatika.

Akatokea mtu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kochi letu. Nasema letu, lile lile jekundu nililotoka kulala, na kitambaa kile kile cha maua mgongoni. Amevaa msuli na fulana. Uso ni ule wa ukutani, isipokuwa huu ulikuwa unacheka, na meno yake nilikuwa sijawahi kuyaona. Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwangu, akanitazama machoni, akasema, "Saida! Njoo. Njoo kwa baba. Usiogope."

Mie ndiye Saida.

Sijui nilitokaje. Nilijikuta uani nimemkumbatia Bibi miguu, kojo linanitiririka, na kule ndani deki ikalia ka!, ikaanza kujirudisha yenyewe, ikamaliza, ikautema mkanda nje. Hakuna aliyeibonyeza. Leo najua deki za aina ile zikifika mwisho wa mkanda zinajirudisha zenyewe. Siku ile nilijua kitu kingine kabisa. Bibi akaniuliza umeota nini, nikasema nyoka.

Siku kadhaa nilikuwa nazunguka na jambo lile kifuani kama nimemeza kokwa. Mwishowe nikamchokonoa Bibi akiwa anakuna nazi. "Bibi, mtu aliyekufa akikuita, unafanyaje?" Mbuzi ya nazi ikasimama. "Nani kakuita?" "Hamna. Nauliza tu." Bibi akanigeuzia yale macho yake yenye ukungu. "Ukiitwa na marehemu usiitike, Saida. Hata akikuita kwa jina lako, hata akiwa mtu wako. Ukiitika tu, unamfuata." Akanisimulia habari ya mwanamke wa kwao Mbwamaji aliyeitwa ndotoni na dada yake marehemu, akaitika "Abee!" kwa sauti mpaka mumewe akasikia, na wiki haikwisha wakamzika. Kisha akaendelea kukuna nazi yake kana kwamba ameniambia bei ya chumvi.

Nikaanza kuishi kwa uoga, wallahi. Katika hesabu zangu za kitoto, wafu walikuwa wanakaa nyuma ya filamu, kila filamu na wa kwake, wanangoja iishe watoke. Ndiyo maana watu wazima wanawahi kuzima. Ndiyo maana mama anaukimbia mkanda ule, anajua nani yumo. Kila kitu kilikaa sawasawa. Steringi akianza tu kupiga ngumi za mwisho, mie nimeshasimama mkono kwenye kitufe, wenzangu wananizomea, "Saida! Bado bwana! We mtoto una wazimu?" Nazima hivyo hivyo, wananibwaga chini, na sijali.

Baya zaidi lilikuwa kuitwa. Mtoto wa kike akiitwa anaitika abee hata kabla jina halijakwisha, ndivyo tulivyolelewa. Mie nikaacha kuitika. Mama akiita kutoka jikoni, "Saida!" nanyamaza, nanyata mpaka mlangoni, nachungulia kwanza nione ni mama kweli, ana miguu, ana mwiko mkononi. Hapo ndipo nasema abee. Kwa mama, hicho kilikuwa kiburi. Nilifinywa mapaja mpaka yakaota alama. "Huitwi wewe? Umekuwa nani siku hizi, huitiki?" Mwalimu wa madrasa naye akapeleka mashitaka nyumbani kwamba Saida akiitwa anatazama tu. Ningesema nini? Kumtaja yule mtu ilikuwa sawa na kumfungulia mlango. Nikazila fimbo zangu.

Ikaja masika, moja ya zile masika za kuhamisha vitanda. Bati likavuja juu ya kabati la vioo na hatukugundua mpaka jua lilipotoka. Mama alipofungua, mikanda yake ilikuwa imeota fangasi. Ukichungulia kwenye vile vidirisha vya mkanda unaona utando mweupe umezunguka utepe, kama unga uliomwagika. Mama aliketi chini na mikanda mapajani kama mtu aliyeletewa kuku waliokufa. Ilikuwa mikono ya baba iliyoileta ile, mkanda kwa mkanda.

Mjomba Hafidhi akaja Jumapili asubuhi amebeba deki ya pili aliyoazima kwa rafiki yake, imefungwa kwenye shuka, na mikanda mipya michache. Akatueleza atakachofanya. Deki moja itacheza, nyingine itarekodi, waya katikati. Ataweka spidi ndogo ili filamu mbili zibanwe kwenye mkanda mmoja. Picha itafifia kidogo, lakini bora iliyofifia kuliko iliyooza. Kila filamu ikiisha tu anakata hapo hapo, ili asipoteze nafasi. Na mikanda ya zamani ikishanakiliwa, ichomwe. "Fangasi inaambukiza," alisema. "Ukiirudisha kabatini itamaliza na hii mipya." Uani kulikuwa na shimo la taka. Bibi, ambaye uchomaji wa taka ulikuwa kazi yake na hakuna aliyeruhusiwa kumnyang'anya, akaanza kupanga humo makumvi na vifuu vya nazi.

Mjomba alipouchukua mkanda wa mapacha, mama akasema, "Huo usihangaike nao. Peleka shimoni." Hakumtazama. Mjomba akasimama nao kidogo, akatoka, nikamwona anauweka juu ya makumvi.

Jamani, furaha niliyopata! Naungua moyoni kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Yule mtu anachomwa. Nitaitika tena kama watoto wenzangu. Nikajibanza nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, mahali naliona shimo kwa dirisha la uani na nawasikia wakubwa sebuleni. Bibi alikuwa amechuchumaa anahangaika na kiberiti. Kilikuwa kimelowa na masika, njiti zinakwaruza bila kushika, naye anazitukana kimya kimya.

Sebuleni Mjomba akasema, "Dada, bado hujanisamehe."

"Nimekulaumu lini?"

"Bora ungenilaumu. Wallahi nilijua mtupu. Wewe uko ndani kwenye eda, televisheni imefunikwa kanga, hakuna wa kuiwasha msibani. Ningeuangaliaje? Karatasi ya jina ilishabanduka. Nikasema wacha nikawarekodie filamu kwa jirani, ukitoka eda upate cha kukuchangamsha. Kumbe namfuta shemeji."

Sikuelewa. Halafu vikaanza kunijia vipande vipande, jinsi mama alivyokuwa anamjibu taratibu. Kumbe ndugu yake baba wa Maskati aliwahi kuja likizo na kamera ya kubeba begani, akajaza mkanda mzima watu wa nyumba yetu wakila, wakicheka, wakigombana. Baba alipofariki mkanda ule ukawekwa na mingine. Na Mjomba, kwa kuwa televisheni ya mfiwa haiwashwi, akauchukua bila kuutazama, akarekodi mapacha juu ya baba. Mama alipotoka eda, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua ile kanga juu ya televisheni na kuuchomeka mkanda wake. Akaona majina ya Kihindi. Akauchomoa.

"Sura ninayo pale ukutani," mama alisema. "Hiyo hainisumbui. Sauti, Hafidhi. Sauti ndiyo imenitoka. Nikijaribu kumsikia nakusikia wewe, namsikia marehemu baba yetu, yake haiji. Nakaa jikoni najaribu anavyoita watu, haiji. Mtu umelala naye kitanda kimoja, unaisahauje sauti yake?"

Akalia. Sikuwahi kumsikia mama akilia. Kwenye filamu hakuwahi, alikuwa anawacheka waliokuwa wanalia.

Hapo nikapata hofu ya pili, na ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Kwa sababu mie sauti ile nilikuwa nayo. Nzito kidogo, imekwaruza chini kama ya mtu aliyetoka kuamka, na kwenye neno usiogope ilikuwa inapanda. Nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo. Nyumba nzima aliyekuwa nayo ni mie peke yangu, na nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia naomba ichomwe. Lakini nikisema, nitakuwa nimemtaja. Akitajwa atatoka, na akitoka ananijua kwa jina. Uani njiti ikashika, Bibi akasema "Haya!" nikaona kimoto kidogo kati ya vidole vyake. Kikazimika. Akatoa nyingine.

"Mama," nikasema.

"Unafanya nini huko nyuma?"

"Mie naijua."

"Unajua nini?"

"Sauti ya baba. Anakaa kwenye mkanda ule. Filamu ikiisha anatoka. Aliniita."

Mama alinitazama kama nimemtemea mate. Nilijua kofi linakuja nikafumba macho. Lakini Mjomba alishasimama. "Filamu ni fupi kuliko mkanda," akasema taratibu, halafu akarudia kwa kelele, "Dada, filamu ni fupi kuliko mkanda! Mwisho wake sikuufuta!" Akatoka mbio peku, akapiga teke ndoo, nikamsikia Bibi akifoka, "We Hafidhi, una nini? Ndiyo kwanza umeshika!" Alirudi na mkanda mkononi, pembe moja imeyeyuka kidogo, na harufu ile ya plastiki na vumbi ikaingia naye ndani. Ndiyo harufu niliyonayo sebuleni wiki hii.

Aliufungua parafujo, akausafisha kwa pamba na spiriti, anauzungusha kwa kidole, jasho linamdondoka puani. Akasema hawezi kuupeleka mbele kwa kasi, kwa kuwa utepe umegandana na utakatika. Tutaucheza tangu mwanzo kwa mwendo wake, mara moja tu, na deki ya pili irekodi. Deki ikiula, ndiyo basi tena. Mama akamwita Bibi. Hakumweleza kitu, alisema tu, "Mama, njoo ukae hapa na sie." Nadhani aliogopa kumpa tumaini halafu likakosekana.

Tukaitazama filamu ya mapacha yote, tangu sokoni. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa filamu ile mchana ule, na nyimbo zake zote na maua yake. Kila wimbo ukiisha najua tumesogea. Picha inakatika, inarudi, mstari unapanda, Mjomba anasema "Ya Rabi, ya Rabi," ndege inapita, bati linatetemeka. Mama alikuwa hajawahi kuiona, na katikati ya yote hayo Bibi akawa anamuuliza, "Huyo anayelia ni mwizi au askari?" naye anamjibu, "Sijui, mama." Mie nilikaa karibu na mlango, nusu nje. Nilishaamua. Akiniita nitajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Steringi akamkumbatia mama yake. Majina yakapanda. Nikajikuta nimeshafika kwenye deki, mkono wangu wenyewe unakwenda kwenye kitufe, mama akaudaka, akanivuta mapajani, akanifunika kanga yake mpaka kichwani nikabaki na tundu la jicho. Chenga, shaaa, zikachemka muda mrefu kuliko nilivyokumbuka. Mjomba akainamisha kichwa.

Akatokea. Kochi, msuli, fulana. "Saida! Njoo. Njoo kwa baba. Usiogope." Nikaziba mdomo. Moyo wa mama nilikuwa nausikia mgongoni mwangu, unapiga kama mtu anayebisha hodi. Na hapo, mahali nilipokimbilia ile mara ya kwanza, nikaona nisichokuwa nimekiona. Chini ya picha kikaingia kisogo. Kisogo cha mtoto, vinywele vimefungwa mafundo mawili, mwili unayumba, mikono juu kama mlevi. Baba hakuwa ananitazama mie niliyeko kwenye kochi. Alikuwa anamtazama yule. Mtoto akapiga hatua, akasita, akapiga nyingine, akaanguka kwenye ile mikono, na baba akamrusha juu, akageuza uso pembeni akapaza sauti ya furaha, "Mama! Mama, njoo umwone! Anatembea!"

"Naam, baba!" Bibi akaitika. "Nakuja!"

Aliitika kwa sauti kubwa, hapo hapo, kama mtu aliyekuwa anangojea kuitwa. Alishainuka, anapapasa kandambili kwa mguu, mikono mbele, anaelekea kwenye televisheni. Ka! Mkanda ukafika mwisho. Kioo kikawa cheusi na deki ikaanza kujirudisha. Bibi akasimama katikati ya sebule na kandambili moja. "Yuko wapi?" akauliza.

Mama aliniachia akaenda kumshika. Walilia wale, walilia wakashikana mpaka Mjomba akatoka nje kwenda kulia peke yake shimoni. Mie sikulia. Bibi ameitika! Bibi aliyenifundisha mwenyewe, mbele ya macho yangu, kwa sauti ya mpaka barabarani. Basi Bibi anakufa.

Nilimlinda Bibi kama mgonjwa. Akikohoa nakimbia. Akilala mchana nakwenda kumwekea kiganja puani. Akienda bafuni nasimama mlangoni, mpaka akanifukuza kwa kopo la maji. Wiki ile iliyomzika mwanamke wa Mbwamaji ikapita, na Bibi bado anakuna nazi. Nikashindwa kuvumilia. "Bibi, mbona uliitika? Wewe si ulisema tusiitike?"

Hakuniuliza kuitika kupi. Alikuna kidogo. "Siku ile hasa, siku ulipotembea," akasema, "aliniita vile vile. Mie nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Nikamwambia ngoja, samaki wataungua. Nilipotoka umeshakaa chini, umechoka, na kamera imezimwa. Akaniambia, mama, umekosa. Nikasema atatembea tena, kwani anakwenda wapi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Wengine wakikuita usiitike. Ila mwanao akikuita, Saida, hiari huna."

Bibi aliishi mpaka nikamaliza shule, nikaolewa, akamshika na mwanangu. Hakufuata mtu. Mama alipata sauti yake, na ilikuwa inatosha, alikuwa haombi zaidi. Akiuweka ule mkanda mpya, uliofifia, anakwenda jikoni na kuacha mlango wazi, anaisikiliza akiwa anapika. Mapacha hakuwazoea. Baadaye mkanda ukahamishiwa kwenye sidii. Nilimsimamia fundi begani, namwambia usikate mwisho, usikate chenga, acha kama ilivyo, mpaka akaniona mgonjwa.

Leo imefika zamu yake kwenye laptopu. Programu ilinishauri yenyewe kwamba filamu imeisha hapa, nipunguze kilichobaki ili faili liwe dogo. Nikakataa. Nikaiacha icheze, nataka nihakikishe ameingia. Mwanangu akapita na sahani yake. "Mama, si imeisha hiyo? Zima basi." Nikamwambia kaa chini. Chenga zikachemka, shaaa, na mie, mvi zangu zote, kiti nikakisogeza nyuma.

Sasa baba yangu ni kijana. Ukimweka karibu na mwanangu utasema ni kaka yake. Ananyoosha mikono, anasema usiogope, mtoto anakwenda, anarushwa juu. Halafu anageuka pembeni na kuita, "Mama! Mama, njoo umwone!"

Mjomba alirekodi kwa waya, kutoka deki kwenda deki. Waya ulichukua kilichokuwa ndani ya mkanda, haukuchukua tulichosema chumbani. Sauti ya Bibi haimo. Kwenye mkanda haimo, kwenye sidii haimo, na kwenye faili hili pia haimo. Anaita, halafu kimya, halafu kioo kinakuwa cheusi.

Mwanangu alikuwa ameacha kula. Akanigeukia aniulize kitu, akanikuta nimeshasimama.

"Naam, baba," nikaitika. "Tunakuja."